Mashine ya Nyutroni na Tiba ya Kansa

Kansa hutokea pale chembechembe za mwili zinapozaliana ovyo. Hospitali huitibu kwa upasuaji, dawa au mionzi. Mionzi huua chembe za kansa, lakini huweza kuunguza pia zile nzima zilizo jirani. Ndiyo maana wataalamu wametafuta njia ya kuipata kansa peke yake, kama mkulima anavyong'oa magugu bila kudhuru mahindi.

Nyutroni ni nini?
Ni kijipande kidogo mno kilichomo ndani ya kiini cha atomu. Mwingereza James Chadwick alikigundua mwaka 1932. Mwaka 1936 Mmarekani Gordon Locher alipendekeza kitumike kutibu kansa.

Tiba hufanyikaje?
Kwanza mgonjwa hutiwa mshipani dawa yenye boroni. Chembe za kansa huinyonya dawa hiyo kuliko chembe nzima. Kisha penye uvimbe hupigwa nyutroni. Boroni ikinasa nyutroni hupasuka, na vipande vyake husafiri mwendo usiozidi upana wa chembe moja hivi. Hivyo chembe iliyobeba boroni hufa, na jirani yake hudhurika kidogo tu.

Zamani tiba hii ilitegemea vinu vya nyuklia, na si rahisi kujenga kinu hospitalini. Wajapani wakatengeneza mashine inayokimbiza protoni kwa kasi kubwa na kuzigongesha kwenye bamba la beriliamu, nyutroni zikachomoka. Nyutroni hizo hupunguzwa kasi kabla ya kumfikia mgonjwa. Mashine ikizimwa, nazo hukoma kutoka. Mwezi Machi 2020 Japani iliiruhusu kwa kansa ya kichwa na shingo ambayo haiwezi kuondolewa kwa kisu.

Sisi tufanye nini?
Mashine hii ingali katika nchi chache. Hapa kwetu tiba ya mionzi ya kawaida hutolewa Ocean Road, Dar es Salaam, na Bugando, Mwanza. Lakini mashine yoyote humsaidia zaidi mgonjwa aliyewahi. Basi kumbuka:

1. Kidonda cha kinywani kisichopona, uvimbe shingoni, au sauti kukauka kwa muda wa wiki tatu: nenda zahanati.
2. Usingoje maumivu. Kansa nyingi huanza bila kuuma.
3. Acha sigara na ugoro, na jiepushe na pombe.

Mwambie na jirani yako.