Mlipa Kodi na Mwenye Kauli

Mwezi wa Januari, 2012, walimu wa wilaya ya shule ya Chester Upland, katika jimbo la Pennsylvania huko Marekani, waliarifiwa kwamba hazina ya wilaya yao imekauka. Wakakata shauri waendelee kufundisha pasipo hakika ya mshahara. Mwaka 2015, shule zilipokuwa karibu kufunguliwa, wakaarifiwa vivyo hivyo, nao wakajibu vivyo hivyo. Nchi yenye utajiri mkubwa namna ile, na mwalimu anaingia darasani asijue atalipwa lini! Yafaa sisi tulio wafanyakazi tuulize sababu yake.

Sababu zilikuwa nyingi, na umaskini wa mahali pale ulikuwa mojawapo. Lakini iko moja ambayo yatupasa kuitazama kwa makini, nayo ni jinsi fedha za kodi zigawanywavyo baina ya shule za wilaya na zile tutakazoziita shule za mkataba.

Huko Marekani, serikali kuu hutoa sehemu ndogo tu ya gharama za shule. Sehemu kubwa hutoka katika majimbo na katika wilaya zenyewe. Fedha za wilaya hutokana hasa na kodi ya nyumba na ardhi. Kwa hiyo mahali penye majumba ya fahari hupata fedha nyingi kwa kiwango kidogo cha kodi. Na mahali palipohamwa na viwanda, watu hutozwa kiwango kikubwa wakaambulia kidogo. Mwaka 1973 Mahakama Kuu ya nchi ile, kwa kura 5 dhidi ya 4, ilikataa kuutangua utaratibu huo katika kesi iliyotoka San Antonio, Texas.

Juu ya msingi huo ulioinama ndipo zilipojengwa shule za mkataba. Jimbo la Minnesota lilitunga sheria ya kwanza mwaka 1991. Shule hizi hazitozi karo, nazo huendeshwa kwa fedha za umma. Lakini huongozwa na bodi zao wenyewe chini ya mkataba, si na baraza la shule la wilaya. Wala tusiseme kwamba wazo hili lilibuniwa na maadui wa wafanyakazi. Miongoni mwa waliolitangaza mwaka 1988 alikuwa Albert Shanker, rais wa chama cha walimu cha American Federation of Teachers. Alitaka walimu wenyewe wapewe nafasi ya kujaribu njia mpya za kufundisha. Baadaye, alipoona lilikoelekea, akaligeuka na kulilaumu.

Kwa sheria ya Pennsylvania ya mwaka 1997, wilaya anakokaa mtoto huilipa shule ya mkataba kwa kila kichwa, na kiasi chenyewe hukisiwa kwa kutazama matumizi ya wilaya. Yaani fedha humfuata mtoto. Jambo hili lasikika kuwa la haki, maana mzazi wa mtoto yule naye ni mlipa kodi. Hatubishi. Lakini tuhesabu pamoja. Tuseme watoto 30 wameondoka katika shule yenye madarasa 30, mmoja mmoja kutoka kila darasa. Fedha za watoto 30 zimekwenda. Je, yuko mwalimu hata mmoja asiyehitajiwa tena? Paa la shule limepungua? Basi linalowachukua watoto limeacha kutumia mafuta? La hasha! Hapo zamani jimbo lilizirudishia wilaya sehemu ya hasara hiyo. Katika bajeti ya 2011-12 msaada huo ukafutwa.

Huko Chester Upland yapata nusu ya watoto walikuwa katika shule za mkataba. Mwaka 2015 wilaya ilikuwa ikilipa kiasi cha dola 40,000 kwa mwaka kwa kila mtoto wa shule hizo mwenye mahitaji maalum, awe na ulemavu mzito au shida ndogo ya matamshi. Gavana Tom Wolf alipotaka malipo hayo yapunguzwe, jaji alikataa mpango wake. Ndiyo maana hazina ikakauka, na aliyeombwa kusubiri akawa mwalimu.

Jimbo la Washington lilishika njia nyingine. Wapiga kura walizikubali shule za mkataba mwaka 2012. Lakini mwaka 2015 mahakama kuu ya jimbo iliamua kwamba shule isiyosimamiwa na watu waliochaguliwa na wapiga kura haistahili fedha zilizowekwa kwa shule za umma. Mwaka uliofuata baraza la kutunga sheria likazipatia fedha kutoka bahati nasibu ya jimbo. Kodi ya wilaya ikasalimika, lakini wazazi wa shule za mkataba wakalalamika kwamba wanalipa kodi ile ile na watoto wao hawaioni. Colorado nayo, mwaka 2017, iliagiza kodi za nyongeza zinazokubaliwa na wapiga kura wa wilaya zigawanywe sawasawa kwa watoto wa shule zote mbili.

Sisi hatumlaumu mzazi anayetafuta shule bora. Nani asiyemtakia mwanawe mema? Tunachokataa ni kuwafanya maskini wawili wagombee chungu kimoja kidogo, kisha tukawaita washindani huru. Tuonavyo sisi, jimbo linaloamuru shule mpya zifunguliwe lina wajibu wa kulipa gharama za amri yake, lisiutupe mzigo juu ya mitaa isiyo na kitu. Na mahali popote kodi ya mwananchi iendapo, kauli yake na iende pamoja nayo.

Mwezi wa Februari, 2023, mahakama moja ya Pennsylvania iliamua kwamba utaratibu wa jimbo wa kugharimia shule ulivunja katiba, kwa kuwa watoto wa wilaya maskini walinyimwa elimu waliyostahili. Kesi hiyo ilifunguliwa mwaka 2014. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza mwaka ule, siku ya hukumu alikuwa amekwisha kufika darasa la tisa. Hukumu ni njema, ndugu zetu, lakini utoto haungoji hukumu.