Damu Iliyomwagwa kwa Wote

Mwaka unaogawanyika kwa mbili ndio mwaka wa imbalu. Mwezi wa Agosti Wamasaba wa mashariki ya Uganda hukusanyika Mutoto, jirani na mji wa Mbale, kufungua msimu wa tohara ya vijana wao. Kijana huzunguka kwa wajomba na mashangazi akicheza ngoma, njuga zikilia mapajani. Siku yenyewe husimama wima uani, kimea cha ulezi kimemkaukia usoni, ameshika fimbo nyuma ya shingo kwa mikono miwili. Kisu kikipita, asitikisike. Akitetemeka, aibu ni ya ukoo mzima. Damu inayodondoka humfunga na ardhi ya wazee wake, na mara nyingi mbuzi au kuku huwa amekwisha kuchinjwa ili mizimu iwe radhi.

Mhubiri anayewatangazia watu hawa habari za Golgotha hana haja ya kuwaeleza thamani ya damu. Wanaijua. Kinachowashtua ni jingine: katika imbalu hakuna anayesimama badala ya mwenzake. Baba hawezi, kaka hawezi, wala tajiri hawezi kumlipa maskini amsimamie. Injili inasema Mmoja amesimama kwa ajili ya wote, mara moja tu, na hakuna msimu mwingine. Hapo ndipo kilipo kiini cha wokovu, na naamini Mmasaba hulisikia neno hilo kwa uzito ambao wengi wetu tumeupoteza kwa mazoea.

Ndiyo maana majumbani kuna mabishano juu ya imbalu. Familia nyingine za Kikristo humpeleka kijana hospitali. Nyingine hubaki na kisu na ngoma, lakini mbuzi wa mizimu hachinjwi. Mchungaji huomba pale pale uani. Hawa wa pili naona wamepima vizuri. Kutahiriwa ni jambo la ukoo, lakini aliyekwisha kupatanishwa na Mungu hana wafu wa kuwatuliza.

Walokole, Wakristo wa uamsho, nao waliishika damu ya msalaba kwa namna yao. Uamsho uliowaka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ulienea Uganda hadi huku mashariki. Mtu husimama mkutanoni, akataja dhambi yake bila kuificha, na wenzake huitikia kwa Tukutendereza, wimbo wa Kiganda unaoisifu damu ya Mwanakondoo. Lakini aliyeungama wizi hakuachwa aende zake na machozi tu. Alitakiwa kurudisha alichoiba. Mtu atauliza: ikiwa deni limelipwa msalabani, ya nini kurudisha jembe? Mbele ya Mungu mlokole hana cha kulipa. Jembe, hata hivyo, bado ni la jirani.

Damu ilimwagika Busoga pia. Mashariki ya Jinja, mahujaji hufika Kyando, mahali alipouawa Askofu James Hannington tarehe 29 Oktoba 1885, pamoja na wapagazi wake wengi. Amri ilitoka kwa Kabaka Mwanga wa Buganda; nchi ilikuwa ya chifu Luba. Damu ya shahidi haiokoi mtu, na kanisa halifundishi hivyo. Inashuhudia ile iliyotangulia. Miaka kadhaa baadaye mwana wa askofu alikuja Busoga, si kudai kisasi wala fidia. Alikuja kuhubiri, na akambatiza mwana wa Luba.