Chanzo na Maana ya Milio ya Kimakanika katika Magari ya Umeme

Dereva anayeacha gari la petroli au dizeli na kuanza kuendesha gari la umeme husikia milio asiyoizoea. Makala hii inaeleza chanzo cha milio hiyo na namna ya kutenganisha iliyo ya kawaida na iliyo dalili ya hitilafu. Hoja ya msingi ni kwamba sehemu kubwa ya milio hiyo si mipya: katika gari la kawaida hufunikwa na ngurumo ya injini.

Ipo milio inayotokana na muundo wa gari lenyewe. Inveta hugeuza mkondo mnyoofu wa betri kuwa mkondo geu kwa kukata na kuunganisha umeme mara maelfu kwa sekunde. Nguvu za sumaku zinazotokea huitetemesha mota, na mlio mwembamba husikika. Meno ya gia nayo huvuma, kwa kuwa mota huweza kuzunguka zaidi ya mara 10,000 kwa dakika. Pampu na feni za kupoza betri huweza kufanya kazi hata gari likiwa limeegeshwa, hususan linapochajiwa. Aidha, upo mvumo wa makusudi: katika Umoja wa Ulaya, tangu Julai 2021, kila gari jipya la umeme hulazimika kutoa sauti ya kuwatahadharisha waenda kwa miguu hadi mwendo wa kilomita 20 kwa saa.

Milio mingine huhitaji uangalifu. Mngurumo unaofuata mwendo wa magurudumu na kubadilika gari linapokata kona huashiria beringi ya gurudumu iliyochakaa. Ukibadilika pindi aina ya barabara inapobadilika, chanzo huenda ni matairi. Mlio unaobadilika papo hapo mguu unapoondolewa kwenye pedali huelekeza kwenye mota au gia.

Breki zina mazingira yake. Kwa kuwa mota yenyewe hupunguza mwendo na kurejesha nishati kwenye betri, diski hutumika kwa nadra na hushika kutu. Mkwaruzo unaotoweka baada ya kukanyaga breki mara chache ni kutu inayofutika. Unaoendelea unahitaji ukaguzi wa fundi bila kuchelewa.

Hivyo basi, ukimya wa gari la umeme humpa dereva fursa ya kuitambua hitilafu mapema, mradi ajue mlio unafuata nini: mwendo wa magurudumu, nguvu ya mota, au breki.