Bolti Iliyoganda: Kwa Nini Nguvu Peke Yake Haitoshi

Mwenye gari anayejitengenezea nyumbani hufika mara nyingi mahali ambapo kazi yote husimama kwa ajili ya bolti moja. Spana imeshika barabara, mikono inavuta, lakini bolti haisogei. Akizidisha nguvu bila kufikiri, bolti hukatika na kipande chake hubaki ndani ya injini. Kazi ya saa moja hugeuka kuwa ya siku nzima, tena ya kutumia keekee.

Mshikamano huo husababishwa hasa na kutu. Chuma kikikutana na oksijeni na maji hufanya kutu, na kutu hiyo huchukua nafasi zaidi ya mara mbili ya ile ya chuma kilicholiwa. Katika upenyo mfinyu uliopo baina ya hesi za bolti na hesi za tundu, kutu haina pa kwenda, kwa hiyo hubana. Katika miji ya pwani, kama Tanga na Mombasa, chumvi iliyomo hewani huharakisha jambo hilo, kwani maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri zaidi. Iwapo bolti ni ya chuma na injini ni ya alumini, metali hizo mbili pamoja na unyevu huwa kama betri ndogo, na alumini ndiyo inayoliwa.

Dawa ya kwanza ni mafuta mepesi ya kupenya. Mnato wake ni mdogo, hivyo huingia katika upenyo kwa ukapilari, kama mafuta ya taa yapandavyo katika utambi. Yahitaji muda, pengine usiku mzima. Kugonga kichwa cha bolti kwa nyundo, taratibu, huvunja kutu na kuyafungulia mafuta njia.

Dawa ya pili ni wenzo. Kani ya nyutoni 100 kwenye spana ya sentimita 20 hutoa momenti ya nyutoni-mita 20. Kani ileile kwenye mpini wa sentimita 60 hutoa 60. Lakini momenti inayoweza kufungua ndiyo inayoweza kukata. Kwa hiyo fundi hodari huzungusha kidogo mbele, kidogo nyuma.

Dawa ya tatu ni joto. Wanafunzi wengi hudhani kwamba nati ikipashwa moto, chuma chake hutanukia ndani na kulibana tundu. Sivyo: tundu hutanuka kana kwamba limejaa chuma kilekile. Chuma hutanuka kwa kiasi cha sehemu 12 katika milioni kwa kila digrii ya Sentigredi. Joto la nati yenye tundu la milimita 10 likiongezeka kwa digrii 200, tundu hupanuka hivi:

10 × 0.000012 × 200 = milimita 0.024

Ni kidogo, lakini kutu ni kitu kikavu kisichonyumbuka, nacho hupasuka. Sharti ni nati ipate moto kuliko bolti. Alumini hutanuka karibu maradufu ya chuma, hivyo tundu lake hulegea hata vyote viwili vikipata joto sawa.

Moto usitumike kamwe karibu na petroli, wala mahali palipokwisha kutiwa mafuta ya kupenya.

Mwalimu aweza kuthibitisha kanuni hii darasani kwa tufe na pete ya chuma: tufe lisilopita katika pete baridi hupita pete ikipashwa moto.