Kabla ya Programu, Fuata Boni

Mfanyabiashara wa Makiso, Kisangani, aliyechoshwa na madaftari huanza na bei: programu hii dola ngapi? Mshauri wa teknolojia anayeijua kazi yake humuuliza kwanza: boni yako, ile karatasi ya mauzo, inapitia kwa nani na nani?

Chukua depo ya jumla katikati ya Kisangani. Mizigo hupanda kutoka Kinshasa kwa mto, zaidi ya kilometa 1,700, na boti huweza kukaa majini wiki kadhaa. Mteja akinunua saruji, karani huandika boni kwa nakala tatu: ya mteja, ya keshia na ya mtunza stoo. Jioni nakala hulinganishwa. Ikipungua mifuko miwili, ni ugomvi. Mshauri huifuata karatasi hiyo mkono kwa mkono, na hapo ndipo mengi yanapofichuka. Bei imepangwa kwa dola, mteja analipa faranga, na kiwango cha kubadilishia anakijua keshia peke yake. Mzigo ulio mtoni hauhesabiwi popote mpaka ushushwe. Anachochukua shemeji wa bosi hakiandikwi kabisa.

Programu isiyomudu sarafu mbili haifai hapa, hata ingekuwa ya bure. Wala haifai ile inayokwama intaneti ikikatika. Mji unategemea bwawa la mto Tshopo, na umeme wake haukawii kukatika na kuzima intaneti, kwa hiyo mashine lazima iendelee kuuza bila mtandao, kisha ipeleke hesabu mtandao ukirudi.

Programu ikishapatikana, inabaki kazi ya kuchosha: kusafisha kumbukumbu. Mteja mmoja ameandikwa kwa majina matatu, na deni lake limegawanyika mara tatu. Halafu daftari na kompyuta huendeshwa pamoja kwa muda, hadi hesabu zikubaliane. Wenye haraka huiruka hatua hii, na ndio wanaorudi kwenye daftari.

Congo imeshaona mabadiliko ya namna hii kwa ukubwa wa taifa. Mwaka 2011 serikali ilianza kuwalipa watumishi wake kupitia benki, badala ya fedha taslimu zilizopita mikono mingi. Orodha za majina zilihamia kwenye akaunti, lakini vijijini matawi ya benki hayakuwepo, na Caritas, shirika la Kanisa Katoliki, ikalazimika kuwafikishia walimu mishahara. Mfumo ulikuwa tayari, njia ya kumfikia mwalimu haikuwa tayari.

Sheria nayo imesogea. Tangu nchi ijiunge mwaka 2012 na OHADA, jumuiya ya Afrika ya kuoanisha sheria za biashara, kampuni zinatakiwa kufuata uhasibu wa jumuiya hiyo, na sheria ya kidijitali ya Machi 2023 imezipa nyaraka za elektroniki nguvu ya kisheria. Mshauri asiyezijua hizi mbili atakuuzia programu ambayo mhasibu wako ataikataa.

Na anayekula kamisheni ya muuza programu si mshauri, ni dalali. Muulize wazi nani anamlipa. Muulize pia, akiondoka, ni nani katika wafanyakazi wako atakayeweza kubadilisha bei au kurudisha kumbukumbu zilizopotea bila kumpigia simu. Na kama mkataba hausemi kwamba data zote ni zako, usitie saini.