Kutafuta kwa Haraka: Mtambo Mmoja Mkubwa au Mitambo Mingi Midogo?

Mtu anapofungua tovuti ya maktaba, akaandika maneno mawili na kubonyeza kitufe, huletewa majibu karibu papo hapo. Wepesi huo humfanya adhani kwamba kazi yenyewe ni nyepesi. Sivyo. Nyuma ya kioo anachokitazama ipo kompyuta, au kundi zima la kompyuta, ziitwazo seva, na namna zilivyopangwa ndiyo iamuayo kama jibu litafika kwa sekunde moja au kwa dakika nzima. Katika makala haya tutaeleza jinsi mpango huo unavyochaguliwa, na kwa nini uchaguzi mbaya hulipiwa kila siku kwa muda na kwa fedha.

Kazi ya Faharasa

Tuchukue mfano wa kitabu chenye kurasa 300. Msomaji atafutaye habari za muhogo ana njia mbili: ama asome kurasa zote tangu mwanzo, ama afungue faharasa iliyo mwishoni, imwonyeshe kurasa zinazohusika. Seva ya kutafutia hufuata njia ya pili. Kabla ya kuulizwa swali lolote, hupitia maandishi yote na kuandaa orodha ya kila neno pamoja na hati zote ambamo neno hilo limo. Ikiulizwa "muhogo" na "magonjwa" kwa pamoja, huchukua orodha mbili, ikazilinganisha, na kubakiza hati zilizomo katika zote mbili. Kazi nzito imekwisha kufanywa mapema.

Mahali pa Kuihifadhi

Diski ya sumaku izungukayo huhitaji kusogeza kichwa cha kusomea, na kila mwendo huchukua kiasi cha sehemu moja ya mia ya sekunde. Miendo 100 ya namna hiyo humaliza sekunde nzima. Kumbukumbu ya kompyuta, isiyo na kitu kinachosogea, hujibu kwa kiasi cha sehemu moja ya milioni kumi ya sekunde. Diski za kisasa zisizozunguka zimo kati ya hizo mbili. Basi kanuni ya kwanza ni hii: kinachoulizwa mara kwa mara kikae katika kumbukumbu.

Mmoja au Mingi?

Mwaka 1995 kampuni ya Marekani iitwayo Digital ilifungua AltaVista, tovuti ya kutafutia iliyotegemea kompyuta kubwa zenye nguvu. Google, iliyoanzishwa mwaka 1998 na Larry Page na Sergey Brin, ilishika njia nyingine. Katika makala ya mwaka 2003, wataalamu wake walieleza kwamba walitumia kompyuta za kawaida zaidi ya 15,000. Faharasa iligawanywa vipande vipande, na kila kipande kikawekwa katika kompyuta kadhaa. Swali lilipofika, vipande vyote vilitafutwa kwa wakati mmoja. Na kompyuta moja ilipoharibika, nyingine yenye nakala ile ile iliendelea na kazi.

Hata hivyo, wingi una hasara yake. Mwaka 2013 Jeffrey Dean na Luiz André Barroso walionyesha jambo hili kwa hesabu. Tuseme kila seva huchelewa mara 1 tu katika kila mara 100. Iwapo swali moja lazima lijibiwe na seva 100, basi kiasi cha maswali 63 katika kila 100 yatachelewa, kwani msafara huenda kwa mwendo wa aliye nyuma. Dawa mojawapo ni kungoja kidogo, kisha kuliuliza swali lile lile kwa seva nyingine yenye nakala, na kupokea jibu litakalotangulia.

Lugha Yetu Nayo

Kanuni ya Martin Porter, iliyochapishwa mwaka 1980, hukata viambishi vya mwisho wa maneno ya Kiingereza ili maneno ya asili moja yahesabiwe pamoja. Kiswahili hubadilika mwanzoni pia: mti na miti, anasoma, walisoma, tutakaposoma. Seva isiyofundishwa hayo, ikiulizwa "mti", haitaleta hati isemayo "miti". Itajibu, tena upesi sana, kwamba hakuna kitu. Na bwana shamba aliyeuliza ataondoka akiamini kwamba elimu aitafutayo haijaandikwa.

Hitimisho

Mtaalamu na aanze kwa kuhesabu. Maktaba yenye kumbukumbu za vitabu 200,000, kila moja ikiwa na herufi 1,000, ina herufi milioni 200 tu. Hizo huenea katika kumbukumbu ya kompyuta moja ya kawaida ya leo, na nafasi ikabaki kwa faharasa yake. Maktaba hiyo haihitaji kundi la seva. Yahitaji kompyuta moja iliyopangwa vizuri, ya pili yenye nakala endapo ya kwanza itaharibika, na faharasa inayokijua Kiswahili. Mitambo iongezwe pale tu maandishi au waulizaji watakapozidi uwezo huo. Kuiga mpango wa kampuni kubwa bila kuwa na mzigo wake ni kununua meli kwa ajili ya kuvuka kijito.