Mafuriko ya Nzoia Huanzia Mashambani Huku Juu

Mvua kubwa inaponyesha Lurambi, maji mengi kutoka mashambani na kwenye mapaa ya mjini huishia Mto Isiukhu, ambao humwaga maji yake katika Nzoia. Nzoia nao hupitia Budalang'i, Kaunti ya Busia, kabla ya kuingia Ziwa Victoria. Huko familia zimehama makwao kwa sababu ya mafuriko, mwaka baada ya mwaka.

Kasi ya maji ni hatari sawa na wingi wake. Katika Msitu wa Kakamega, ambako Isiukhu hupita, majani hupunguza nguvu ya matone, na mizizi pamoja na majani yaliyooza huacha udongo ukiwa na matundu ya kunywa maji. Shamba lililolimwa hadi ukingoni halina kinga hiyo. Maji huteremka yote kwa pamoja yakibeba udongo, na udongo huo hutua huko chini na kuinua sakafu ya mto. Ndiyo maana kujenga tuta Budalang'i pekee hakutoshi.

Kanuni za ubora wa maji za mwaka 2006 zilikataza kilimo ndani ya angalau mita 6 kutoka mtoni, na hadi mita 30, kwa kuzingatia kiwango cha juu zaidi ambacho mafuriko yamewahi kufika. Kwa mwenye shamba dogo, hilo si jambo jepesi. Shamba linalopakana na mto kwa mita 50 litaachia mita za mraba 300, chini ya sehemu moja ya kumi ya ekari. Hata hivyo, eneo hilo linaweza kuwa na mianzi ya kuuza, na nyasi za nepia za kukatia ng'ombe.

Mikaratusi ipandwe mbali na mto, kwani hunywa maji mengi na chini yake huota nyasi chache. Ukingoni panafaa mukhuyu, lusiola na musutsu. Mabonde yenye mafunjo yasichimbwe mitaro ya kuyakausha, maana hushika maji na kuyaachilia polepole; kuyahifadhi ni rahisi kuliko kupanda msitu upya.

Miche ipandwe mvua inapoanza, ipaliliwe, na mifugo izuiwe. Mche ulioliwa na mbuzi mwezi wa pili hauzuii chochote. Hata iliyokomaa, miti haitazuia kila mafuriko: udongo ukishashiba baada ya siku nyingi za mvua, maji yatapita tu, ingawa yatabeba udongo kidogo zaidi.